Viti Viwili vya Don Wenceslao

Fito Garabelli hakuwa na tiketi ya fainali, wala hakuwa na nia ya kuinunua. Kununua, kwa maoni yake, ni kazi ya watu walioishiwa maneno. Kwa hiyo aliposikia mkahawani kwamba Don Wenceslao Kubik, mwenye kiwanda cha ngozi, amenunua tiketi tatu ili aende peke yake, alivuta kiti akasogea.

Sababu za Don Wenceslao zilikuwa za kisayansi, kwa kipimo cha mji wa Avellaneda. Siku ya nusu fainali, viti viwili vya kuliani kwake vilikuwa vitupu, na klabu ya Fundición ikashinda kwa penalti. Basi vingebaki vitupu. Soksi alizovaa siku ile hazikuwa zimeguswa na maji tangu hapo, na meza za jirani zilikuwa zimeanza kulalamika.

"Pole sana, Don Wenceslao," Fito akasema kwa sauti ya msibani. "Vile viti havikuwa vitupu."

"Nini? Niliviona kwa macho yangu!"

"Na wakati wa penalti? Macho yalikuwa wazi?"

Mzee akaishika skafu yake shingoni. Mtaa mzima ulijua kwamba penalti zikianza yeye hujifunika uso kwa skafu.

"Tulikaa hapo mimi na mpwa wangu Jimena. Ulipojifunua tulikuwa tumeshakimbilia uzioni kushangilia. Bwana wee, huyo mtoto hajawahi kuona Fundición ikifungwa. Hata mara moja!"

Hilo lilikuwa kweli tupu. Jimena alikuwa hajawahi kuona Fundición ikicheza.

Don Wenceslao akainamia meza. "Niletee huyo mtoto."

"Haendi popote bila mtu mzima wa nyumbani kwao," Fito akasema, akikagua kucha zake. "Si unajua dunia ilivyoharibika."

Jimena hakuwa hata mpwa wake. Alikuwa mjukuu wa jirani yake, Doña Ercilia, mjane aliyefuata mechi za Fundición redioni tangu kabla Fito hajazaliwa, kwa kuwa marehemu mumewe alishikilia kwamba uwanja si mahali pa wanawake. Fito alipokwenda kumwazima mtoto, angeweza kusema machache. Lakini alikuwa hajawahi kufanya ujanja bila kuusimulia, akaeleza yote, na sauti ya Don Wenceslao akaiigiza.

Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "We mtoto una kichwa wewe! Basi ya kusema langoni niachie mimi, nitamfundisha."

Siku ya fainali, Fito alipomleta Jimena langoni mwa uwanja, Don Wenceslao alikuwa amefika, amevaa soksi zake zilezile, tiketi tatu mkononi. Akamwinamia mtoto.

"Mwanangu, siku ya penalti ulikaa kando yangu?"

"Ndiyo, babu."

"Na huyu mjomba wako?"

"Mjomba alikuwa chooni," Jimena akasema. "Akiwepo, tunafungwa. Alipoondoka tu kitini, tukashinda. Nilikaa na bibi."

Don Wenceslao akarudi nyuma. Mkono wake wa kushoto ukashuka kati ya mapaja, pale ambapo wanaume wa Avellaneda huushusha kujikinga wakikutana na mtu wa nuksi, ukabana. Foleni nzima ikabana.

"Mufa!" mtu akanong'ona jina la watu wa nuksi, kisha akatema mate kwa kulitamka neno lenyewe.

"Uongo huo!" Fito akapaza sauti. "Mimi siku ile hata sikuwepo!"

"Ndiyo hivyo!" Don Wenceslao akamfokea. "Hukuwepo, tukashinda! Toka hapa, mkosi mkubwa we!"

Kutoka kwenye moshi wa mwuza soseji akatokea Doña Ercilia, amevaa jezi mpya, midomo imepakwa rangi.

"Mtoto haendi bila mtu mzima wa nyumbani kwao," akasema kwa upole, akapokea tiketi. "Fito, mwanangu, nenda kapumzike."

Fito akabaki nje. Hakuamini nuksi hata kidogo. Alikuwa akiiuza tu. Mechi ikaanza, na redio ya mwuza soseji ikatangaza kwamba Fundición wamefungwa moja. Mwuza soseji akamtazama juu mpaka chini.

Fito akaenda mpaka kona ya mtaa, akijiambia anatafuta redio yenye sauti nzuri. Uwanja ukalipuka: Fundición wamesawazisha. Akarudi mbio, anacheka. Alipokanyaga tu kivuli cha jukwaa, redio ya mwuza soseji ikapiga kelele kwamba wapinzani wamegonga mwamba.

"Upuuzi," Fito akasema kwa sauti, akasimama kabisa.

Kisha akageuka akaondoka. Akapita mtaa mmoja, na kipa wa Fundición akaokoa penalti; alisikia redio ya dirisha moja ikitangaza. Akapita mtaa wa pili. Alipofika daraja la mto Riachuelo jasho linamtoka, kelele zikapanda nyuma yake hadi njiwa wote wakaruka, na mama mmoja akachungulia dirishani na sufuria na mwiko mkononi.

"Bao la pili! Tunaongoza! Rudi, kaka, twende uwanjani tukashangilie!"

"Mpira umekwisha?" Fito akauliza, mgongo ukiwa bado upande wa uwanja.

"Bado kidogo!"

Fito akakaza mkanda wa suruali, akavuka daraja mbio.