Protini Iliyomfungia Mkaguzi Nje

Leo nimeadhirika. Nawaeleza mwenyewe, walimu wenzangu, kabla hamjasikia barazani.

Mwajua mkaguzi alikuwa aje baada ya adhuhuri, aamue kama nithibitishwe kazi au nirudishwe bara. Usingizi sikupata. Chai ilinikataa. Nikasema asubuhi nijaribu kwanza lile somo langu, mkaguzi aje alikute limeiva. (Nilijiona mjanja.)

Somo lenyewe ni hili. Ndani ya chembe hai kuna protini inayoikalia jeni isisomwe. Sukari ikiingia, inashikana na ile protini, protini inabanduka, jeni inasomwa. Wanafunzi wakanitazama tu. Nikaona niwaigizie. Darasa likawa jeni, mimi protini. Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikauegemea kwa mgongo. Mwanafunzi wangu Mwanaesha nilikuwa nimemtoa nje na kikombe cha sukari, azunguke uwanja kisha aje abishe.

"Hodi," ikaja sauti nzito.

Hiyo si ya Mwanaesha. Nikajua ni Shee, yule mchelewaji wangu wa kila siku, hodari wa kuiga sauti za wazee.

"Wewe ni sukari?"

Sauti ikajibu: "Mimi ni mkaguzi wa shule."

Darasa likaangua kicheko. Nami kichwa kikavimba.

"Mkaguzi hashikani nami. Mimi nashikana na sukari peke yake. Kama huna utamu, rudi ulikotoka."

"Bwana Mwalimu, fungua mlango."

"Protini haiamrishwi."

(Nimesema hivyo. Mimi, mwenye mke na mtoto huko bara wanaongoja habari.)

Ndipo nikamsikia Mwanaesha, sauti inamtetemeka: "Mwalimu, fungua mwango. Mimi niko huku nde na sukari. Huyu si Shee."

Nikaruka nigeuke, ncha ya komeo ikanasa suruali nyuma, ikachanika kraa. Nikafungua hivyo hivyo.

Mkaguzi huyo, jasho linamtiririka. Boti yake imewahi maji kujaa, amefika asubuhi badala ya adhuhuri. Kando yake mwalimu mkuu anatazama juu. Mkaguzi akachukua kikombe kwa Mwanaesha, akanitia mkononi.

"Sukari hii hapa. Naweza kupita?"

Nikabanduka.

Nimefundisha kipindi kizima mgongo nimeugandisha ubaoni, sikuandika hata herufi. Mwisho akauliza, "Na DNA ikiharibika?"

Nikajibu: "Kuna protini nyingine, Bwana. Zinakata kipande kibovu, zinafuata uzi wa pili ulio mzima, zinaziba pengo."

Akafunga kalamu yake taratibu.

"Kazi nimekuthibitisha," akasema. "Lakini hizo protini nyingine ziite upesi, Mwalimu. Upepo unaingia."

(Kumbe aliona.)

Nimerudi nyumbani njia nzima nikiambaa ukuta kwa mgongo, na kila bibi niliyepishana naye ananiuliza kama naumwa. Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza anipe sindano na uzi.