Nepi Mbichi Dukani

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, daftari. Miezi saba! Mara ya mwisho niliandika: "Kesho naenda kujifungua, begi liko tayari, siogopi." Uongo mtupu. Begi halikuwa tayari. Wakaja wawili, mmoja nyuma ya mwenzake kama walioambiana, na tangu siku hiyo sijapata mkono wa kushikia kalamu. Leo nimeiba dakika kumi. Wamelala wote. Usipumue kwa nguvu.

Wa kwanza tunamwita Bosi, kwa kuwa anaamrisha. Wa pili tunamwita Mzee, kwa kuwa alizaliwa amekunja uso kama aliyecheleweshewa chakula. Mzee ndiye anayekohoa.

Leo kliniki. Daktari kamsikiliza Mzee kifua, akauliza nguo naanika wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza nyumbani wapi. Nikatazama dirishani. Ukweli ni huu: chumbani, kamba tatu juu ya kitanda cha watoto. Mvua hii ni wiki ya nne, na mama mwenye nyumba kapiga marufuku nguo kwenye roshani, eti jengo lake si soko la mitumba. Ukutani umeota ukungu mweusi wenye umbo la kuku. Daktari kasema nguo mbichi zitoke chumbani leo, si kesho. Jumatatu ijayo atamsikiliza tena, na kifua kikiwa kimezidi, analazwa. Alisema kwa upole. Upole ndio ulionitisha.

Basi. Tunanunua mashine ya kukaushia nguo.

Baba Mapacha ni kinyozi. Anajua kichwa cha kila mtu isipokuwa cha mkewe. Kasema tununue kama ya dada yake. Dada yake, yaani wifi yangu! Ile mashine ya wifi inapasha hewa kwa waya kama pasi, ikiwashwa taa za sebule zinafifia na friji inaguna, na wifi hutembea mbele yake kama aliyeizaa. Nikasema hapana. Kuna hizi za pampu ya joto, umeme wake nusu ya ule au pungufu. Kauliza kama hiyo pampu itajaza na matairi ya kigari cha watoto.

Nguo nimehamishia bafuni. Kuoga sasa ni kwa kuinama.

Jumanne, 4 Machi

Dukani na kigari cha mapacha. Muuzaji ni kijana mwenye tai fupi na maneno marefu. Lakini anajua kazi yake. Kasema mashine ya waya inapasha hewa, inaitumia mara moja, inaitupa. Ya pampu inaizungusha ile ile, kama mtu anayetumia majani yale yale ya chai mara tatu. Maji yanayotoka kwenye nguo yanashukia kwenye tangi dogo, unamwaga. Nguo zikikauka inajua, inajizima yenyewe. Laiti Bosi angekuwa na kifaa hicho!

Ya waya ni rahisi kuinunua, ghali kuiwasha. Ya pampu kinyume chake. Nikasema ulaji wa umeme wa ile ya waya unanichefua, nikauliza bei ya ile ndogo kuliko zote za pampu. Akaitaja. Nikamkumbatia Bosi.

Tulichonacho ni akiba ya kununulia kitanda kikubwa, na hakifiki. Nikawa natafuta njia ya kuaga kwa heshima. Nikasema sina hakika kama joto dogo hivyo linakausha kweli. Muuzaji akaweka mkono kifuani: mama, hata ukija na nguo zako mwenyewe, nitakukaushia hapa hapa uone kwa macho yako.

Kayasema mbele ya mashahidi: mimi, Bosi, Mzee na friji kumi na nne.

Nikaondoka polepole, kama mtu aliyeokota kitu na hataki mwenyewe ageuke.

Jumatano, 5 Machi

Nimewasili saa tatu asubuhi na nepi ishirini na mbili. Muuzaji kaona mfuko, kameza mate. Ahadi ni ahadi.

Kosa moja kwenye mpango. Ya pampu haina haraka. Kukausha kunachukua saa tatu kasorobo! Mimi nilijipangia saa moja, nichukue nguo nikimbie. Nikaomba ile ya waya iliyo pembeni, ya haraka. Umeme si wangu! Muuzaji kashangaa: jana si nilisema ulaji wa umeme unanichefua? Nikarudi kwenye pampu. Kumbe msimamo nao una gharama zake.

Saa tatu kasorobo za kujifanya sijaamua. Nimeuliza mlango unafungukia upande gani. Nimeuliza kelele. Nimeuliza uzito, upana, rangi, na kama anaijua mashine iliyoishi miaka kumi. Mwisho Muuzaji aliishiwa elimu akaanza kunisimulia habari za mchumba wake. Nimemshauri amwoe.

Nepi zimetoka kavu na laini, zina uvuguvugu kama mkate. Nimemwekea Mzee moja shavuni. Kafunga macho. Muuzaji kauliza, je, mama? Nikasema nashauriana kwanza na baba yao.

Usiku kakohoa mara nne. Jana tisa. Nahesabu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Muuzaji kwamba nepi ni kitambaa chepesi, mtu mwenye akili hanunui mashine kabla ya kuona taulo. Taulo sita na shuka nne. Kakubali, ila hakutabasamu.

Baba Mapacha kauliza mbona nguo zimekauka na mashine hatujanunua. Nikamwambia anyoe watu.

Mara tatu usiku.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekuja na hoja ya jinzi za Baba Mapacha, zenye mishono minene. Mwenye duka katoka ofisini. Mama mnene, miwani ina mnyororo. Kanitazama, katazama jinzi. Kasema kwao mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Akanipa kitambaa nifute friji.

Nimezifuta zote kumi na nne. Ningekataa vipi? Jinzi zilikuwa zinazunguka.

Kilichotokea sasa: wateja wakadhani mimi ni mfanyakazi. Babu mmoja kauliza tofauti ya pampu na waya. Nikamweleza mfano wa majani ya chai. Akanunua! Muuzaji kanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Lakini nilifanya kosa. Jioni wifi kapita nyumbani, kaona nguo kavu zimekunjwa hadi dirishani, kauliza. Nikajisifu. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 8 Machi

Nafika dukani na nepi, nani kasimama mbele ya mashine yangu? Wifi. Ana mablanketi matatu mabichi, yanadondosha maji sakafuni. Nikamuuliza kwa sauti iwapo ile mashine yake, mama wa mashine zote, imekufa. Kasema haijafa, imepumzika. Tangu lini? Tangu mwezi wa kwanza. Kwa nini? Nikaendelea kuuliza mpaka akalipuka: mumewe kaikata plagi, anatembea nayo mfukoni kwa sababu ya umeme! Haya, umefurahi sasa?

Nilifurahi. Mungu anisamehe.

Nikamwambia wifi yangu kipenzi, foleni inaanzia nyuma yangu. Kasema yeye naye ni mteja, anachagua. Nikasema anachagua nini na blanketi linanuka mbwa. Kasema bora mbwa kuliko alichobeba mwenzake. Akavuta mlango wa mashine, nikavuta mimi, Bosi akapiga kelele, Mzee akakohoa, na watu wakajaa. Ilibidi nijitetee. Nikawageukia nikawaeleza kila kitu: hewa inavyozunguka, maji yanavyoshuka, kwa nini nguo zikamuliwe sana kwenye mashine ya kufulia kwanza. Nikafungua huku, nikachomoa kule, nikawapitishia tangi waone maji. Wawili wakanunua papo hapo.

Mama wa miwani akatoka. Nilijua leo natolewa na polisi. Kasema mashine ya maonyesho imekausha nguo zangu siku tatu mfululizo, hawezi tena kuiuza kama mpya. Niichukue kwa bei ya iliyotumika, au asinione tena.

Bei ya iliyotumika! Na aliyeitumia ni nani? Mimi! Nimejipunguzia bei kwa nepi zangu mwenyewe! Akiba ya kitanda imetosha. Wifi mdomo wazi.

Gari la duka lina malipo yake, nikakataa. Nikamwita shemeji, mume wa wifi, na kigari chake cha mizigo. Mashine ikisimama haiingii chini ya turubai, tukailaza. Muuzaji kasema mara tatu isilazwe. Nikamwambia kijana, mashine hii naijua kuliko wewe.

Jumapili, 9 Machi

Muuzaji kapiga simu asubuhi kuuliza kama tuliilaza. Nikasema kidogo. Kasema basi isimame bila kuwashwa mpaka kesho, mafuta yarudi kwenye pampu, la sivyo tumenunua kabati.

Imesimama jikoni. Naipita kwa ubavu. Nimekaa mbele yake kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Nepi mbichi thelathini na mbili. Bafuni hazikauki, zinanuka kama dimbwi. Kavu zimebaki mbili, na Bosi si mtu wa kusubiri. Baba Mapacha kasema tuanike chumbani usiku huu mmoja tu, kuna ubaya gani. Nikasema hata moja. Hata soksi. Kasema kesho ndiyo daktari, siku moja haibadilishi kitu. Nikambeba Mzee, nikamwambia aweke sikio lake kwenye mgongo wa mwanawe. Akaweka. Akaenda mwenyewe kuzikunja kamba za chumbani na kufuta yule kuku ukutani kwa siki.

Saa kumi na mbili jioni mlango ukagongwa. Wifi. Sura ya ugomvi, mikono mitupu. Kasema nilete hizo nepi, asimuulize mtu kitu. Kamnyang'anya mumewe plagi, kairudisha kwa bisibisi yeye mwenyewe. Taa zao zififie zitakavyo. Mtoto wa kaka yake halali na maji kifuani kwa sababu ya ukaidi wa mama yake.

Nikasema ukaidi gani. Kasema nimpe nepi.

Zilirudi saa mbili, zimekunjwa pembe kwa pembe kuliko ninavyokunja mimi. Chini kabisa kulikuwa na soksi mpya, jozi mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari kaweka chombo mgongoni mwa Mzee. Kaweka mbele. Karudia nyuma. Nilikuwa nimeshika kidole chake cha mguu, sijui nani alikuwa anamshikilia nani. Kasema kifua kimefunguka. Halazwi! Kasema tulichofanya tuendelee nacho.

Nimelia kwenye korido kidogo, kisha nikaacha, Bosi hakupenda.

Nyumbani, muda wa kusimama umetimia, nikaiwasha mashine mbele ya Baba Mapacha na wifi. Ikalia mara mbili, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Tukarudia. Nyekundu. Wifi kainama, kachungulia mlangoni mwa mashine, kauliza hapa pana tundu, panakaa nini? Panakaa chujio la kunasa nyuzi. Bila chujio haizunguki. Na chujio nililichomoa mimi Jumamosi, niwaonyeshe watu linavyosafishwa. Sikulirudisha.

Wifi kacheka hadi kakaa sakafuni. Kasema basi nepi za leo atazikausha yeye. Mumewe kaishaficha bisibisi asiifunge tena plagi, ataficha na mkono wake?

Wacheke. Mimi nimepiga hesabu kwa akili tulivu. Kifua cha mtoto kimepona. Mashine ya bei kubwa nimeipata kwa bei yangu. Na tangu ifike hapa, umeme iliokula ni sifuri. Nani mwingine ana mashine inayobana matumizi hivyo? Daktari mwenyewe kasema niendelee. Nitaendelea.

Nimempigia Muuzaji. Kasema gari lao linapita mtaani kwetu kesho, nimwandikie kila ninachohitaji kiletwe, mara moja, kisha nisirudi. Nimeandika hivi: chujio la nyuzi, moja, liko juu ya friji nyeupe, ya tatu kutoka mlangoni. Mpira wa kutolea maji, wenye urefu wa kufika kwenye sinki. Mguu wa mbele wa kushoto, maana inachechemea. Kitabu cha maelekezo, kwa lugha yoyote anayoisoma binadamu. Na mashine ya kuoshea vyombo, moja, ile ndogo ya dirishani, ya kujaribu tu, siku tatu. Vyombo vichafu ninavyo.