Picha ya Kutundikwa Kapkatet

Jumatatu, 9 Juni 2025

Habari njema jamani! Jumatano watoto wa shule ya Kapkatet wanakuja hapa makumbusho. Dorine, yule msichana wa chuo kikuu anayefanya utafiti, atampa kila mtoto kamera ndogo apige anachotaka, halafu aeleze kwa nini. Anataka kujua makumbusho yanaonekanaje kwa macho ya mtoto. Kisha kila mtoto achague picha moja, iwekwe fremu, aende nayo nyumbani.

Na nani yuko darasa hilo? Binti yangu Cherotich! Tangu mama yake, Rodah, arudi kwao, mtoto namwona Krismasi tu. Sebule yao siingii. Lakini picha yangu ikiingia, si ni kama mimi nimeingia? Nitakaa ukutani, juu ya televisheni. Rodah mwenyewe atanipangusa vumbi. Ai! Nilitabasamu mpaka Opiyo, askari wa lango, akaniuliza kama jino linaniuma.

Jumanne, 10 Juni

Mpango uko hivi. Mimi ndiye mwelekezi, vyumba vyote navijua. Kila chumba atakachoingia Cherotich, atanikuta nimeshasimama, nimependeza. Kwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nimeinama kama nakunywa. Kwa ile mashine ya zamani ya kukunja majani chai, mkono kiunoni. Kwa zile ngao, kifua mbele. Mazoezi mchana kutwa. Nimeazima vazi la ngozi kutoka kabati la maonyesho. Linanuka panya, lakini kamera haina pua.

Opiyo anasema nikae tu mlangoni nimsalimie mtoto. Opiyo! Mtu wa kufungua lango atanifundisha mambo ya picha?

Jumatano, 11 Juni

Balaa tupu.

Basi lilipoingia tu, nikatoka mbio kwenda kwa kibuyu. Nikainama. Nikangoja mpaka mgongo ukalia. Watoto wengine wakaja, wakapiga picha buibui wa dirishani. Cherotich hakuja. Nikazunguka nyuma mpaka kwa mashine. Hapo nikasikia sauti yake chumba cha pili, akimuuliza mwalimu kitu. Sauti imekua! Nikaona nimtangulie kwa ngao, nipitie dirishani.

Vazi likanasa. Kichwa ndani, miguu nje, watoto wa watu wakinipiga picha pande zote mbili. Opiyo aliponivuta nikatoka, basi lilikuwa linapita langoni. Hata sikumsalimia. Mtoto wangu amekuwa nyumba moja na mimi asubuhi nzima, na sikumshika mkono.

Ijumaa, 13 Juni

Dorine ametuonyesha picha. Kumbe watoto huona makumbusho kutoka chini: magoti, miguu ya meza, tundu la funguo. Opiyo yuko kila mahali, hata viatu vyake. Makalio yangu yamepigwa na karibu darasa zima. Mmoja ameeleza kwamba ni mnyama wa zamani.

Halafu za Cherotich. Kiti changu cha mlangoni, kitupu. Sweta yangu kwenye msumari. Kikombe changu, chai imefanya utando. Kiti tena. Dorine akanisomea maelezo yake: hapa ndipo baba anakaa, nilimngoja, nikaenda kumtafuta, nikarudi kumngoja tena.

Picha aliyochagua kwenda nayo nyumbani ni ya kiti.

Nikatoka nje, nikasimama kwenye shamba la majani chai lililo nyuma, nikalia. Opiyo akanifuata. Hakucheka. Aliniambia tu kwamba ningekaa mlangoni, mtoto angenipata.

Jumapili, 15 Juni

Rodah amepiga simu! Ya kwanza mwaka huu. Anauliza kwa nini ukuta wake una kiti. Nyuma yake nikamsikia Cherotich akiimba wimbo wa kanisa. Nilitaka kumwambia Rodah kwamba nimewamiss mpaka chakula hakipiti. Nikamwambia kiti hicho ni cha mbao ngumu sana, hakiozi. Akasema sawa. Akakata. Nimeshika simu sikioni mpaka ikapata joto.

Dorine anasema watoto watarudi muhula wa tatu. Wacha waje! Safari hii sikosei. Nimeshaona shida ilikuwa wapi: mbio zangu ni pole, na lile vazi ni pana. Opiyo ataniazima raba zake, ingawa ametikisa kichwa sana. Nitaanza juu ya paa, nishukie kwa mashine, nitokee kwa ngao kabla Cherotich hajafika.

Na kile kiti nimekifungia stoo, asije akakipotezea picha tena.