Kirusi Nilichokionyesha kwenye Runinga ya Wateja

Leo nimejivua nguo mbele ya wateja. (Si nguo za kweli, tulieni. Afadhali zingekuwa za kweli.)

Kwa msionijua: naitwa Zaituni, nakaa mapokezi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Nyegezi. Mzigo wako wa Ukerewe tunaupokea sisi, tunautolea risiti, unapanda meli, wenzetu wa Nansio wanaushusha. Kazi yenyewe haina shida. Shida ni kwamba tangu wiki iliyopita kompyuta zote za ofisi zimekuwa kama mtu aliyeshiba ugali wa muhogo. Unabonyeza risiti itoke, unakwenda kuchukua chai, unarudi, risiti bado inajifikiria.

Asubuhi kaingia Mama Bhoke. Huyu ndiye mteja wetu mkubwa, anapeleka magodoro na mabeseni kisiwani. Kasimama mbele yangu, mimi nimebonyeza, tunatazamana.

"Binti, meli itaniacha."

"Inakuja, mama. Inajiandaa."

"Inajiandaa kwani inaolewa? Nikiachwa leo, kuanzia kesho nahamia kwa jirani yenu."

Jirani yetu ni mshindani wetu. Neno hilo likapenya ukuta mpaka kwa bosi, Mzee Masanja. Akatoka. Mzee Masanja ni mtu mpole sana, ila ana tabia moja: kabla ya kusema jambo zito anavua miwani, anaifuta kwa tai yake taratibu, anaitazama, anairudisha, halafu anasema "kimsingi." Kila kitu kwake ni kimsingi. Hata akiagiza soda.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Zaituni, kimsingi kuna nini?"

"Kompyuta, bosi."

"Fundi kasafiri. Kimsingi, huyu mama asiondoke na hasira."

Sasa hapo mngekuwa ninyi mngemwandikia Mama Bhoke risiti ya mkono, mkaendelea na maisha. Mimi nina ugonjwa. Kitu kikinizidi akili, silali mpaka nijue kwa nini. Utotoni nilifungua redio ya baba ili nimwone anayesoma taarifa ya habari. (Sikumwona. Redio nayo haikusema tena.)

Nikafungua ile sehemu inayoonyesha programu zote zinazofanya kazi ndani ya kompyuta, hata zile zilizojificha nyuma ambazo huzioni kwenye kioo. Nikazipanga, mlafi akae juu. Na kweli, juu kabisa kulikuwa na kitu kinaitwa NKLSVC. Kinakula diski yote peke yake! Mimi sijawahi kukiona. Nikamwita Pius, jirani yangu wa meza.

"Pius, NKL ni nini?"

Pius kwa kawaida kila tatizo anasingizia umeme. Leo akafikiri kidogo. "Nani Kala Lanchi?"

Nikakifunga. Kompyuta ikapumua. Nikaanza kutabasamu. Kabla tabasamu halijakaa sawa, kikarudi chenyewe! Nikafunga tena, kikarudi tena. Nikaenda kwenye kompyuta ya Pius: kipo. Ya chumba cha hesabu: kipo. Nikachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta yangu, na hapo hapo ikaanza kukimbia kama mpya. Nikarudisha waya, ikalala. (Bila waya huo risiti haifiki Nansio, kwa hiyo hatukuweza kuuacha umechomolewa.)

Sikilizeni, nilijisikia daktari. Kitu kinajificha, kinafufuka, na kinapita kwenye mtandao kutoka mashine hadi mashine. Nikatangaza ofisi nzima isikie:

"Hiki ni kirusi! Kuna mtu anatuibia mafaili!"

Mama Bhoke akasogea. Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakasimama. Bosi akaja nyuma ya kiti changu, akainama, akasema haoni vizuri, maandishi ni madogo.

Na hapo ndipo kiherehere kikanipanda. Pale mapokezi kuna runinga kubwa ukutani, huwa inaonyesha ratiba ya meli. Nikachukua kebo, nikaiunganisha na kompyuta yangu.

"Bosi, tazama pale juu. Wote tazameni."

(Hakuna aliyeniomba. Nataka mjue hilo.)

Kuna dirisha lingine linaloonyesha programu inashika faili gani kwa wakati huo. Nikalifungua. Majina yakaanza kupita kwenye runinga moja baada ya jingine, na yote yalikuwa video. Video nzito. Namba tupu, hazina jina la mtu. Zilikuwa zinatoka kwenye folda yetu ya pamoja, zinakwenda kila kompyuta, mpaka Nansio.

"Video za nini ofisini kwangu?" bosi akauliza.

"Ndiyo tunataka kujua, bosi."

"Usifungue. Kimsingi inaweza kuwa hatari."

"Bosi, tusipofungua tutamjuaje mwizi?"

Mama Bhoke akaniunga mkono. "Fungua, binti. Tumjue."

Nikafungua.

Jamani.

Kwenye runinga, kwa ukubwa wa mlango, akatokea mwizi. Alikuwa amevaa koti la baba yangu. Shingoni tai. Usoni miwani isiyo na vioo. Nyuma yake pazia la sebuleni kwetu, lile la maua. Mwizi akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Taratibu. Akaitazama. Akairudisha. Akakohoa.

"Kimsingi," mwizi akasema, kwa sauti yangu.

Kwa wasioelewa: huwa namwigiza bosi. Nikirudi nyumbani nimechoka, najirekodi, namtumia dada yangu aliye Bukoba, tunacheka, tunalala. Hazijawahi kutoka nje ya sisi wawili. Sasa zimefikaje ofisini? Swali zuri, na mimi nilijiuliza pale pale. Nikakumbuka. Tangu wiki iliyopita kila siku nachomeka simu kwenye kompyuta ili ichaji. Siku ya kwanza kompyuta iliniuliza kitu kuhusu kuhifadhi video kwenye folda ya pamoja. Nikabonyeza ndiyo. Mimi huwa nabonyeza ndiyo ili iniache.

Nikakimbilia mausi nifunge. Mausi haisogei! Kompyuta imeganda, kale kaduara kanazunguka tu. Video nayo inakwamakwama, inaenda kidogo inasimama, na kila ikisimama inaniacha nimebinua mdomo.

"Kim... kim... kimsi..."

Wateja wote wamekodolea macho runinga.

Nikasema dawa ni kuchomoa kebo ya runinga. Nikapiga magoti chini ya meza. Kule chini kuna nyaya kama matumbo ya mbuzi. Nikashika mmoja, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Nilivuta waya wa mtandao.

Mnakumbuka kompyuta inafanya nini ukichomoa waya wa mtandao? Inakimbia kama mpya! Video ikaacha kukwama. Picha ikang'aa. Sauti ikajaa. Kutoka chini ya meza nikajisikia nikihutubia kikao cha Jumatatu bila kigugumizi:

"Kimsingi, wafanyakazi wangu, sukari ya ofisi inakwisha. Kimsingi, sukari haina miguu. Kimsingi, Pius, fungua mdomo nikunuse."

Nilitamani nibaki huko chini mpaka wakati wa kustaafu. Nikasikia kiti kinaburutwa, ni Pius anatoka nje kucheka. Nikasikia Mama Bhoke akisema "Yesu wangu" na kupiga makofi.

Nikatoka chini ya meza, vumbi kichwani. Mzee Masanja amesimama anaitazama runinga. Hacheki. Nikaanza kupanga moyoni nitamwambiaje mama yangu kwamba sina kazi.

Akavua miwani.

Akaifuta kwa tai.

Akaitazama. Akairudisha.

"Kimsingi," akasema, "mimi siongei hivyo."

Ofisi ikalipuka! Mama Bhoke alikaa chini sakafuni na kitenge chake. Wale wateja wawili wakashikana mabega. Bosi akatutazama, haelewi, halafu nikaona akili yake inarudi nyuma kuitafuta ile sentensi aliyoisema. Ikamfikia. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni. Akacheka mpaka akavua miwani kwa sababu ya kweli.

Katikati ya hayo simu ya mezani ikalia. Ni Leticia, msimamizi wa Nansio. Nikapokea.

"Zai, mbona zimekatika? Tulikuwa tunasubiri ya leo."

"Ya leo ipi?"

"Video. Sisi tangu wiki iliyopita zinatufikia. Tulidhani makao makuu mmeanza burudani ya wafanyakazi. Ile ya sukari tumeirudia mpaka walinzi wanaijua."

"Leticia, na hii NKL unaijua?"

"Si ile programu ya nakala? Inanakili folda ya pamoja kwenye kila kompyuta ili tuone mizigo. Si tulifundishwa wote?"

Nakala. N, K, L. (Siku ya mafunzo nilikaa nyuma, nilikuwa namtumia dada yangu video.)

Kwa hiyo hakukuwa na kirusi. Kulikuwa na programu inayojituma, iliyobebeshwa sura yangu kwenda kila kona ya ofisi. Nikaziondoa video zote kwenye folda, nikarudisha waya, diski ikatulia. Nikabonyeza risiti ya Mama Bhoke. Ikatoka kabla sijaondoa kidole. Akaikunja, akafuta machozi, akasema yeye hahami tena, kwa jirani hakuna mambo kama haya. Magodoro yake yamepanda meli.

Bosi akaniita ofisini kwake. Nikaingia nimeshika mikono nyuma.

"Umezifuta?"

"Zote, bosi. Nisamehe."

"Na ile ya sukari?"

"Na hiyo, bosi."

Akatazama dirishani. "Nilitaka mke wangu aione. Kila siku namwambia sina tabia hiyo, anasema ninayo."

Nikamtumia kutoka kwenye simu yangu.

Mtu asinicheke, nina siku ngumu kesho. Na ninyi wa Nansio, kama bado mnayo, futeni, nawaomba kwa heshima zote. (Nimeona, Leticia. Toa kwenye stetasi.)