Tangazo Kwenye Mlango wa Maktaba

Jumatatu, 6 Julai

Hili sijamwambia mtu yeyote. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa maktaba ya chuo ni langu. Nimelibandika leo kabla wafagiaji hawajafika, kwa haraka mpaka gundi ikaingia kwenye nywele.

Sababu ninayo. Shangazi, aliyenilea, anafundisha Mantiki hapa chuoni kwa mkataba wa muda. Kanuni za kozi za likizo hazina huruma: wanafunzi wasipofika kumi na wawili hadi Alhamisi jioni, kozi inafutwa. Ikifutwa, na mkataba wake ndio basi. Mpaka sasa anao saba. Mmoja wao nadhani alikosea mlango.

Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na namsaidia karani wa idara, tunayemwita Mama Mihuri. Kanuni nazijua kwa sababu ndimi niliyezitoa kopi. Zinasema likizo ni fupi, kwa hiyo hakuna mtihani wa mwisho. Kuna jaribio kila Ijumaa. Uongo siuwezi. Nikaandika: “Mantiki, asubuhi. Hakuna mtihani wa mwisho.” Ijumaa sikuzitaja. Nafasi haikutosha.

Jumanne, 7 Julai

Wamejaa! Foleni imefika vyooni. Mama Mihuri aliuliza kama leo chuo kinagawa magodoro. Kijana mmoja akataka kujua Mantiki yenyewe ni kitu gani. Akaambiwa, mwanangu, jiandikishe kwanza, utaijua ikikukuta.

Jioni walikuwa hamsini na wanane. Shangazi alirudi na chaki za rangi. Alisema kumbe watu bado wanapenda kufikiri. Nikainamia sahani yangu.

Jumatano, 8 Julai

Mambo yameharibika.

Mkuu wa idara, Profesa Koti (halivui hata jua likichoma), alimwita Shangazi ofisini. Nilikuwa humo humo nikitafuta stepla. Hakuna aliyeniona. Huwa sionekani. Alimpongeza sana. Kisha akasema mwalimu wa mkataba haruhusiwi darasa la zaidi ya wanafunzi arobaini. Likizidi, anapewa mwajiriwa wa kudumu. Iko ukurasa wa sita, akasema, kila mtu amesoma.

Ukurasa wa sita ulikwama kwenye mashine. Niliuvuta utoke. Kuusoma, sikuusoma.

Mwajiriwa mwenyewe ni Daktari Manukato, ambaye pua inakutana naye kabla ya macho. Mantiki hajawahi kuifundisha. Alimwita Shangazi dada, akamwomba maandalizi yake ya masomo. Shangazi akampa. Akampa na zile chaki.

Usiku hakula. Alisema kichwa kinamuuma. Nikakaa nikifikiri: orodha haijafungwa. Wakipungua mpaka arobaini kabla ya kesho jioni, darasa linarudi kwake.

Alhamisi, 9 Julai

Hesabu ilikuwa rahisi. Waondoke kumi na wanane tu. Nikabandika tangazo la pili chini ya lile la kwanza: “Mantiki: jaribio kila Ijumaa. Ukikosa siku mbili unaondolewa.” Yote kweli. Sikukumbuka kuwaza nitawaambiaje wale arobaini wabaki.

Foleni ikarudi vilevile, safari hii ya kujitoa. Mama Mihuri alilalamika kwamba juzi mkono ulimuuma kwa kuwaingiza, leo unamuuma kwa kuwatoa, na hivi hakuna mtu mwenye mama wa kumfundisha kuamua? Kijana wa juzi alisema wametapeliwa. Msichana mmoja akaniuliza ni nani aliyebandika haya makaratasi. Nikamjibu kwamba gundi ni ya idara. Nayo ni kweli.

Walipobaki arobaini nilitoka kwenye korido ili niwazuie. Yupo mmoja aliyepita karibu kabisa. Nikafungua mdomo. Nikakohoa. Akanipa pole, akaenda kujitoa.

Orodha imefungwa ikiwa na majina tisa.

Ijumaa, 10 Julai

Kozi imefutwa. Profesa Koti alisema anasikitika, ila kanuni ni kanuni. Daktari Manukato yeye hakupoteza kitu. Kapewa kozi nyingine.

Shangazi amerudisha ufunguo wa ofisi. Nilimbebea boksi la vitabu mpaka nyumbani. Tulipofika alifuta meza. Ilikuwa safi. Akaifuta tena. Kisha akauliza, kama anayeuliza ukuta, ni nani pale chuoni anayemchukia kiasi hiki. Alisema tangazo la kwanza liliandikwa na mtu anayempenda, na la pili na adui yake. Amekaa jioni yote akijaribu kukumbuka amemkosea nani.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Nikamuuliza kama nimtengenezee chai.

Akasema sawa, mwanangu, wewe peke yako ndiye uliyebaki upande wangu. Chai ikapoa mbele yake.

Jumamosi, 11 Julai

Sikulala vizuri. Alfajiri nilimsikia Shangazi akisogeza vitabu kwenye boksi, akivitoa, akivirudisha. Nikachukua kanuni nikazisoma upya, taratibu, kama mtu mzima.

Na nimepata! Kozi iliyofutwa inaweza kufunguliwa tena endapo wanafunzi kumi na wawili watapeleka malalamiko. Tisa wapo. Wanatakiwa watatu tu. Kuongea na watu siwezi, kwa hiyo nitabandika tangazo. Nimeshaliandika: “Wanahitajika watu wenye malalamiko. Jumatatu, idara ya Mantiki.” Fupi, na halina uongo hata kidogo.

Watu wenye malalamiko chuo kizima hawawezi kuwa wengi.

Ukurasa unaofuata unahusu adhabu za kubandika matangazo bila kibali. Nimeuruka, maana hausemi lolote kuhusu kozi za likizo. Gundi iko mfukoni. Na wewe unayesoma hapa, nakuomba, Shangazi asijue. Sasa hivi anaamini yupo mtu mmoja tu anayemtakia mabaya, na sijui nitamtazamaje akimfahamu. Nifichie.