Pampu ya Kigango na Cheti cha Baltazari

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bunda, nyumbani Nyasura. Joto. Nimechoka na siku bado mbichi.

Tangazo limebandikwa ofisi ya kata. Mradi wa bustani za umwagiliaji kando ya ziwa unataka mafundi kumi na wawili wa pampu za sola. Kazi ya kudumu, buti bure. Lazima cheti. Mwenye ujuzi wa mtaani bila cheti, mtathmini atamfuata nyumbani Ijumaa, amkute na pampu aliyoifunga mwenyewe.

Nimejiandikisha. Uzoefu: miaka saba. Mtendaji aliniangalia sana. Ukweli, nimewahi kubadilisha betri za tochi. Lakini nilikuwaga karani wa mizani kiwanda cha pamba miaka kumi na tisa, mpaka walipoleta mzani wa umeme unaopima, unaandika na kutoa risiti wenyewe. Hauombi hata chai!

Nyuma yangu kwenye foleni, Hezron. Alikuwa mpakiaji wa marobota, mimi ndiye nilikuwa nampigia kelele. Siku hizi anasoma kozi ya bure ya jioni, hata ovaroli anayo. Aliuliza nami nitaingia lini darasani. Nilimwambia darasa ni la wasiojua.

Mke wangu Matrida amesema hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa, naenda Nyamuswa kwa kaka yake Mwikwabe kuchunga ng'ombe. Miaka arobaini na saba, nichunge ng'ombe za shemeji! Mwikwabe ameshapiga simu kuuliza navaa gambuti namba ngapi.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda Butiama kumwona fundi wa pampu anayesifiwa. Nilitaka anipe ujuzi wa siku tatu. Alisema huo haupo, ila nikikaa naye miezi mitatu atanifundisha bure, chakula juu yake. Miezi mitatu! Nikamshukuru, nikaondoka. Kila mtu siku hizi anataka kukufundisha. Inachosha.

Njiani, wazo. Risaga! Kwetu kazi ikikuzidi unaita majirani, wanakuja na majembe yao, unawalisha, wanaondoka. Hakuna anayeuliza mkono wa nani ulishika jembe. Shamba linaitwa shamba la Baltazari. Basi na pampu itaitwa pampu ya Baltazari. Mbona nilichelewa kufikiri?

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilimfuata katekista baada ya misa, majivu bado mbichi usoni, nikamwomba pampu na paneli ya kigango, ile iliyolala stoo tangu mwaka juzi. Alisita. Nikamkumbusha kwamba Kwaresima ni kipindi cha matendo mema. Akatoa ufunguo.

Alhamisi, 6 Machi

Risaga. Niliita wanane, wakaja ishirini na watatu. Wengine siwajui kabisa. Afadhali Kwaresima, hakuna aliyedai nyama. Dagaa na ugali.

Walibishana saa mbili nzima waya gani uende wapi. Kila mmoja fundi. Matrida ana kibanda cha kuchaji simu kwa sola, mwaka wa nne sasa, lakini leo nilimtaka jikoni. Alivumilia weee, mwisho akatoka, akanikabidhi mwiko, akasema hawa wataunguza mali ya Kanisa. Sikumwona tena.

Kwa hiyo nilisonga ugali wa watu ishirini na watatu peke yangu. Mgongo umekufa. Maji yalipotoka sikuyaona hata, nilisikia vigelegele tu nikiwa kwenye moshi. Walikula, wakasifu ugali, wakaondoka. Mpango umekaa sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka.

Mtathmini ni madam Jenoveva kutoka Musoma, mwenyeji wa Tarime. Niliwasha, maji yakatoka. Nikajipigia makofi. Akazima, akachomoa waya mmoja, akanishikisha, akaniambia niurudishe. Niliuliza upi. Akasema huo nilioushika.

Nikahangaika mpaka jasho likaingia machoni. Mwisho nikamweleza habari ya risaga. Mtu wa Tarime, kwao nako risaga ipo, nilijua ataelewa. Alielewa vizuri sana, hilo ndilo tatizo. Alisema shamba la risaga ni langu kweli, habishi. Lakini pampu ikizima mchana wa jua kali, nyanya za watu zinakauka, nitaanza kwanza kusonga ugali wa watu ishirini na watatu?

Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio wa minyaa. Walicheka. Hezron hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi.

Akauliza nani aliyefunga. Uzio mzima ukamtaja Matrida. Mke wangu akatoka na povu la sabuni mikononi, akajifuta, akarudisha waya, akakaza na mwingine uliolegea ambao madam mwenyewe hakuuona. Akaomba aruhusiwe, ana nguo kwenye beseni. Madam akamtolea fomu.

Niliona aibu. Fahari pia, kidogo. Aibu ilizidi.

Jumatano, 12 Machi

Majina yametoka. Hezron wa tatu. Matrida wa kwanza! Nimesoma karatasi yote mara mbili, Baltazari hayumo.

Nilipomwambia, Matrida alikaa kwenye kigoda akalia. Kisha akafuta macho akauliza kama chumvi ipo.

Jioni madam Jenoveva akapiga simu. Ijumaa ile majirani walimwonjesha kiporo cha ugali wangu. Alisema hajala ugali laini namna ile tangu mama yake afariki. Mradi unatafuta mpishi wa wafanyakazi. Kozi fupi ya bure Musoma, halafu mtihani wa vitendo. Nilikataa. Karani wa mizani nishike mwiko?

Matrida alisema nichague, mwiko au Nyamuswa. Gambuti zimeshanunuliwa. Nimejiandikisha.

Jumamosi, 29 Machi

Musoma, Mukendo. Wiki mbili za kozi zimekwisha, miguu imevimba. Mwalimu anasema mkono wangu hauna la kurekebishwa. Wenzangu huacha masufuria yao kuja kutazama ninavyosonga.

Jumatatu ndiyo mtihani. Ugali na sato kwa watu hamsini. Nikifaulu nafanya kazi bustani moja na mke wangu. Nikifeli, Mwikwabe anakuja kunichukua Jumanne.

Matrida amepiga simu. Alisema safari hii nipike tu, Baltazari, nipike tu. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. Nimemwahidi.

Lakini jambo kubwa kama hili huliachi hivihivi. Nimeshaongea na Rebeka wa mgahawa wa stendi. Atapika kwake, atapitisha masufuria mlango wa nyuma, mimi nitashika mwiko nionekane. Nilionja ugali wake mchana. Una madonge, na chini umeungua. Lakini ana cheti.