Vidonge vya Mzee Massoud

Msimwone Uweso kavaa kanzu ya pasi mkasema huyu mcha Mungu. Mtaa mzima wa Nguvumali ulikuwa umeshanunua kwake kitu kisichofanya kazi. Biashara zilishapata ruksa miaka ile, lakini sukari bado ilitafutwa kwa tochi, na Uweso alikuwa nayo, imepita mpakani Horohoro bila kupiga hodi.

Asubuhi moja akamkuta Mzee Massoud, Mpemba wa watu, anajisifu barazani kwake. Miezi miwili nyuma mzee alikuwa akiamka mara sita kwa usiku, na mkojo wenyewe wa matone. Hospitali wakampa vidonge, ameze kila siku, asiache.

"Nimeviacha, yakhe! Vimelala kabatini, na mimi nalala usingizi wa pono."

Masikio ya Uweso yakasimama. Ana siri moja aliyoificha kuliko hata sukari: yeye naye, na miaka yake hamsini na tatu, alikuwa anakojoa kwa vituo. Lakini apange foleni hospitali, Tausi wa sokoni, mwanamke anayemnyemelea kumwoa, amwone? Afadhali kifo!

Akapewa kahawa, akaomba msalani, akarudi, akaanza.

"Hongera, mzee wangu! Nyumba ikishaezekwa, fundi wa nini tena? Nipe mimi hivyo vidonge, nikupe kilo ya sukari."

"Kilo nzima? We Uweso, leo una homa?"

"Mapenzi tu, mzee wangu."

Akaomba msalani tena. Aliporudi, Bi Mwatumu, mke wa mzee, alikuwa ameshaleta bahasha ya khaki. Akaipokea sukari kwa mikono miwili na kumwombea dua ndefu. Uweso akaitikia amina huku amebana miguu.

Hakufika hata kona, akameza viwili bila maji. Vichungu, jamani, lakini dawa ni dawa. Alasiri akaanza kuwashwa nyayo, viganja, mgongo, mpaka utosini. Akajisugua ukutani kama mbuzi, soko zima linacheka.

"Uweso, umekunywa klorokwini?"

Mwasho ule nani asiyeujua? Roho ikamwuma kwelikweli: katapeliwa, na kibofu bado ni kile kile.

Akarudi mbio. Mzee alikuwa msikitini.

"Bi Mwatumu, umenipa dawa ya malaria!"

"Taratibu, mwanangu. Vya mzee ninavyo mimi. Tangu alipovisusa namtilia kwenye uji kila asubuhi, hajui. Kule kabatini niliweka klorokwini asije akaona bahasha tupu. Juzi sukari ikaniishia, akaanza kulalamika uji mchungu. Mungu akakuleta wewe."

Uweso akajisugua mgongo kwenye fremu ya mlango.

"Na wewe, msalani mara mbili kwa kikombe kimoja cha kahawa! Simwambii mtu. Ila Jumatatu nenda hospitali, na kila mwezi niletee kilo."

Jumatatu Uweso akapanga foleni. Tausi akamwona, na hakufa. Akapitia kwa Bi Mwatumu na sukari yake, bahasha ya vidonge vyake mwenyewe ikichungulia mfukoni. Mzee Massoud alikuwa barazani na bakuli la uji. Akaiona ile bahasha, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Yakhe, ukipata nafuu tu, achana navyo. Nitazame mimi!" akasema, akalikomba bakuli mpaka chini.